Manowari Haifiki Kisumu kwa Maji: Wanamaji wa Kenya na Meli za Akiba za Ziwa Victoria

Hakuna manowari inayoweza kufika Kisumu kwa maji. Mto Nile hutoka ziwani pale Jinja, lakini mbele yake kuna mabwawa ya umeme, maporomoko ya Murchison na vinamasi vya Sudan Kusini, na ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Meli yoyote kubwa inayokwenda Port Bell, Mwanza au Bukoba ililetwa vipande vipande, kwa reli au kwa lori, ikaunganishwa ukingoni. Jeshi la Wanamaji la Kenya, lenye makao yake makuu Mtongwe, Mombasa, likiitwa ziwani kwa dharura litaleta watu, silaha na boti za kupakiwa kwenye malori. Meli zake za doria zitabaki baharini. Kwa hiyo anayetaka kujua ulinzi wa Ziwa Victoria ukoje asianze kuhesabu mizinga ya Mombasa. Aulize ni meli gani ziko ziwani tayari, ziko katika hali gani, na nani Kisumu anajua kuzitengeneza.

Hilo ni swali la akiba, yaani meli zisizo za vita leo lakini zinazoweza kuitwa siku ya haja. Naliandika kwa sababu watu wengi wa huku Nyanza huona habari za wanamaji kama mambo ya Pwani tu, ilhali vita vya meli vilivyopiganwa kutoka gati la Kisumu vilipiganwa na meli za akiba tupu: meli za abiria na mizigo za reli, zilizofungwa mizinga.

Tuanze na meli zenyewe. Ya kwanza ilikuwa William Mackinnon, iliyoundwa Paisley, Uskoti, na kampuni ya Bow, McLachlan. Fundi wa huko huunganisha meli nzima kwa bolti, hukagua kila kipande kinakaa mahali pake, huvipiga namba, kisha huifungua yote na kuipakia katika masanduku. Huku mwisho wa safari vipande vile vile hufungwa upya, safari hii kwa ribiti za moto ambazo hazifunguki tena. William Mackinnon ilikuwa meli ndogo, lakini vipande vyake vilifika kabla reli haijafika, vingine vikabebwa na wapagazi, na baadhi vikapotea njiani. Ilishushwa majini mwaka 1900. Reli ya Uganda iligusa ziwa Port Florence, ndiyo Kisumu ya leo, Desemba 1901, na tangu hapo kazi ikawa nyepesi kidogo: masanduku yakapita Nakuru, yakapanda Mau Summit kwenye zaidi ya mita 2,500, yakateremka Fort Ternan na Muhoroni hadi gatini. Ukubwa wa bamba moja la chuma ulipimwa kwa urefu wa behewa na kona za reli yenye upana wa mita moja, si kwa matakwa ya msanifu wa meli.

Zikafuata Winifred na Sybil katika miaka ya mwanzo ya karne, kisha Clement Hill, Nyanza, Usoga, Rusinga na tagi (meli ndogo ya kuvuta nyingine) Kavirondo. Pamoja nazo Kisumu ikapata kitu chenye thamani kuliko meli yoyote moja: karakana yenye tanuri, mashine za kukerezea chuma, na gati kavu la kuingizia meli, kufunga lango na kupampu maji nje hadi tumbo lake lionekane.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza Agosti 1914, Waingereza walikuwa na meli nyingi ziwani lakini hazikuwa na silaha. Wajerumani, waliotawala Tanganyika wakati huo, walikuwa na tagi moja ya maana huko Mwanza, Muansa, yenye mzinga mdogo wa milimita 37. Mzinga huo mmoja ulitosha kuleta taabu. Septemba 1914 Wajerumani waliingia Kisii, wakapigana na askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, tarehe 12, wakarudi nyuma. Winifred ilipopeleka askari Karungu, huko Nyanza Kusini, Muansa iliifukuza kwa risasi, kwa kuwa meli kubwa isiyo na mzinga haina la kufanya mbele ya ndogo yenye mzinga. Winifred ikarudi pamoja na Kavirondo, na ndipo Karungu ikachukuliwa. Novemba mwaka huo Sybil iligonga mwamba karibu na Majita, upande wa Wajerumani, ikaachwa hapo. Iliokolewa mwaka uliofuata, ikazibwa na kurudishwa kazini. Machi 1915 Winifred, sasa ikiwa na silaha, iliikuta Muansa upande wa Ukerewe na kuilazimisha kupanda ufukweni.

Kisha likaja shambulio la Bukoba. Juni 1915 askari walipanda meli Kisumu chini ya Brigedia Jenerali J. M. Stewart, wakavuka ziwa, wakateremka kaskazini mwa mji, na baada ya siku mbili za mapigano wakabomoa kituo cha mawasiliano ya redio cha Wajerumani na kurudi. Kwa mwanahistoria wa jeshi hilo ni tukio dogo. Kwa anayesoma habari za meli za akiba ni somo zima: hakuna hata meli moja katika msafara ule iliyoundwa kwa vita. Mwanza ilichukuliwa Julai 1916, na baada ya vita meli zilizobaki zikarudi kubeba pamba na abiria.

Kuifunga mzinga meli ya abiria si kazi ya kuchimba mashimo manne na kukaza bolti. Sitaha ya meli ya mizigo ni bamba jembamba lililowekwa juu ya mataruma, yaani mbavu za meli, yaliyopangwa kwa ajili ya kubeba watu na magunia. Mzinga unapolia unarudi nyuma kwa nguvu, na nguvu hiyo isipopata njia ya kushuka, bamba hupinda, ribiti hulegea, na mvua ya kwanza inaingia chini. Fundi huweka bamba nene la duara juu ya sitaha, kisha husimamisha nguzo za chuma chini yake, sitaha kwa sitaha, hadi zikanyage mataruma ya chini kabisa. Baruti hutafutiwa chumba chini ya usawa wa maji, mbali na boila, chenye bomba la kukijaza maji moto ukizuka. Usukani huzungushiwa mabamba au magunia ya mchanga. Uzito wote huu uko juu, kwa hiyo meli inakuwa na kichwa kizito na kuyumba polepole zaidi kuliko kawaida, dalili kwamba inaweza kupinduka. Ikiyumba hivyo, weka mawe au chuma chakavu chini kabla ya kutoka bandarini. Meli za ziwa zina tumbo lisilo na kina kirefu kwa sababu Ghuba ya Winam haina maji mengi, na ndiyo maana tatizo la kichwa kizito huzipata upesi kuliko meli za bahari.

Historia ya wanamaji wenyewe nayo inaanzia kwenye akiba. Uingereza ilianzisha Royal Naval Reserve mwaka 1859 ili kuwasajili mabaharia wa meli za biashara, na mwaka 1903 ikaongeza jeshi jingine la kujitolea, RNVR, kwa watu ambao bahari haikuwa kazi yao. Maofisa wa kujitolea walijulikana kwa mistari ya mawimbi mikononi mwa koti, tofauti na mistari iliyonyooka ya wanajeshi wa kudumu. Kwa mfano huo kikaundwa Mombasa, mwaka 1933, kikosi cha Kenya RNVR. Tanganyika na Zanzibar zikafuata na vyao, vikaunganishwa wakati wa Vita vya Pili, na mapema miaka ya 1950 vikazaa Royal East African Navy, jeshi moja la majini la Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Meli yake iliyojulikana zaidi, Rosalind, ilikuwa ya aina iliyosanifiwa kwa mfano wa meli za kuvulia samaki. Jeshi hilo lilivunjwa mwaka 1962, nchi wanachama zikiwa zinaelekea kila moja kwenye uhuru wake. Uganda na Tanganyika zilikuwa na mwambao mrefu wa ziwa, lakini jeshi la pamoja lilitazama bahari, na lilipovunjika ziwa halikuwa na mrithi.

Jeshi la Wanamaji la Kenya lilizinduliwa rasmi tarehe 12 Desemba 1964. Meli ya kwanza ilikuwa KNS Nyati, ya mkono wa pili kutoka Uingereza. Mwaka 1966 zikaja Simba, Chui na Ndovu, mpya, kisha katikati ya miaka ya 1970 Mamba, Madaraka, Jamhuri na Harambee, na mwishoni mwa miaka ya 1980 Nyayo na Umoja zenye makombora. Mpangilio wa jeshi hili ni mwembamba. Katiba ya 2010, Ibara ya 241, inalitaja kama tawi la tatu la Majeshi ya Ulinzi pamoja na Jeshi la Nchi Kavu na Jeshi la Anga. Kamanda wake huwa na cheo cha Meja Jenerali, kwa kuwa wanamaji wa Kenya hutumia vyeo vya nchi kavu na hawana admirali. Kambi kuu ni Mtongwe, nyingine iko Manda, Lamu. Tangu 2018 kuna pia Huduma ya Walinzi wa Pwani, iliyozinduliwa Liwatoni mwezi Novemba mwaka huo, ambayo sheria yake inahusu pia maziwa. Kwa hiyo boti ya serikali inayomsimamisha mvuvi karibu na Usenge leo ina uwezekano mkubwa wa kuwa ya polisi au ya Walinzi wa Pwani kuliko ya jeshi.

Nchi tajiri hufanyaje akiba? Marekani ilianza hazina yake ya meli mwaka 1946, na kufikia 1950 ilikuwa na meli 2,277 zimefungwa kwenye mito na ghuba kama James River na Suisun Bay. Zilizobaki leo ni chache sana, na zile zinazotegemewa kweli ni sehemu ndogo inayotakiwa kuwa tayari ndani ya siku 5 au 10, na meli ya siku 5 haiachwi peke yake: kikundi kidogo cha mabaharia huishi ndani mwaka mzima, mitambo ikiguswa kila mara. Nchi yenye bajeti ya Kenya haiwezi kufuga kundi kama hilo, wala sioni sababu ya kulitamani. Njia yetu ni ile ya 1914: meli ya biashara inayofanya kazi kila siku, iliyosanifiwa tangu mwanzo ikijua kwamba siku moja itaitwa.

Methali inasema akiba haiozi. Ya chuma huoza, na kwa meli kuoza huko kuna utaratibu wake. MV Uhuru, iliyounganishwa Kisumu miaka ya 1960 kwa kubeba mabehewa ya reli, ilikaa gatini zaidi ya muongo mmoja kabla ya kufufuliwa na kurudi kazini Desemba 2019, ikapeleka mafuta Port Bell. Wanamaji walikuwa miongoni mwa waliofanya kazi hiyo ya ufufuaji, na hapo ndipo watu wa Kisumu walipoona mavazi ya jeshi la majini bandarini kwao. Kilichookoa meli ile ni maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Chuma kile kile kingekaa Kilindini muda huo bila kutunzwa, sehemu kubwa ya mabamba ya chini ingekuwa ya kutupa.

Lakini maji baridi yana mtego wake. Meli ya bahari hulindwa na vipande vya zinki vilivyochomelewa tumboni, ambavyo huliwa na kutu badala ya chuma. Ziwani umeme haupiti vizuri ndani ya maji, na zinki hujifunika ganda na kulala. Anayeleta utaratibu wa Mombasa Kisumu bila kubadilisha atakuta baada ya miaka mitatu zinki iko nzima kama ilivyonunuliwa, na bamba limetoboka. Ziwani hutumika magnesiamu, au mfumo wa kupitisha umeme kwa makusudi. Hili nalisisitiza kwa sababu zinki isiyoliwa humfurahisha mkaguzi asiyejua, ilhali ni dalili mbaya kuliko zote.

Ukitaka kuilaza meli ili iwe akiba na si mzoga, anza kwenye gati kavu. Osha tumbo, pima unene wa mabamba kwa kifaa cha mwangwi, na andika kila kipimo kwenye mchoro wa meli. Bamba lililopoteza karibu robo ya unene wake wa awali libadilishwe sasa, maana halitanenepa likilala. Valvu zote zinazofungua kwenye maji ya nje zifunguliwe, zisafishwe, zifungwe, na zile zisizohitajika zizibwe kwa bamba. Hapo ndipo meli nyingi zilizoachwa huzamia: haigongi chochote, valvu moja iliyoliwa inaachia usiku na hakuna aliyeamka. Ya pili ni pakingi ya shafti ya rafadha, yaani kizibo kinachozuia maji mahali shafti ya panga la kusukuma meli inapotokea nje. Hukauka shafti isipozungushwa, maji yakaanza kudondoka, kisha kutiririka.

Injini huondolewa maji ya kupoozea au hubakishiwa maji yenye dawa ya kuzuia kutu, na hujazwa mafuta maalumu ya kuhifadhi. Kila wiki shafti kuu izungushwe kwa gia ya mkono au ya mota, zamu kadhaa, na isimamishwe mahali tofauti na wiki iliyopita. Ikisimama pale pale, uzito wote unakalia sehemu moja ya beringi na kuiachia alama. Siku injini inapowashwa, alama hiyo inageuka mlio, na mlio unageuka shafti iliyoharibika. Mota na jenereta zipimwe kinga ya nyaya kila mwezi. Ikishuka chini ya megaomu moja, kausha kwanza, usiwashe. Hewa ya ndani ni muhimu kuliko rangi ya nje. Unyevu ukibaki chini ya asilimia 50, kutu ndani karibu inasimama, na mvua za Kisumu za Machi hadi Mei zinapandisha unyevu juu sana ya hapo. Mashine za kukausha hewa hula umeme kidogo sana ukilinganisha na bei ya kubadilisha nyaya zote. Makopo ya rangi peke yake ni pesa iliyopotea, kwa sababu bamba huliwa kutoka ndani, chini kwenye mtaro wa sakafu ambako mvua iliyopita kwenye mlango usiofungwa vizuri imekaa mwaka mzima.

Kuna ushahidi mzuri wa kazi ya kulaza meli kutoka ziwa jirani. Julai 1916 mafundi wa Kijerumani walipolazimika kuizamisha Graf von Götzen karibu na Kigoma, waliipaka grisi nzito mitambo yake kwanza. Iliinuliwa mwaka 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba, na imeendelea kusafirisha watu wa Ziwa Tanganyika hadi karne hii. Miaka mingi chini ya maji, na mitambo ikapona kwa sababu watu walitumia siku zao za mwisho kupaka grisi mahali panapostahili.

Leo Kisumu ina kile kilichokosekana muda mrefu. Kenya Shipyards, shirika la serikali chini ya Wizara ya Ulinzi lililoanzishwa 2020, lina kiwanda hapa na kingine Mombasa, na kwa ushirikiano na kampuni ya Damen ya Uholanzi liliunda Kisumu MV Uhuru II, meli ya urefu wa mita 100. Tofauti na William Mackinnon, mabamba sasa huchomelewa. Kuchomelea ni haraka na kunapunguza uzito, lakini joto hupinda bamba, na fundi asiyejua kugawa mishono yake, kidogo upande huu, kidogo upande ule, atapata tumbo lenye mawimbi. Naipima thamani ya kiwanda hiki kwa akiba kwa idadi ya wachomeleaji wenye vyeti wanaobaki Kisumu baada ya meli kushushwa, kuliko kwa meli zenyewe. Mradi ukiisha nao wakatawanyika Nairobi na Ughaibuni, meli iliyobaki haina daktari.

Kama ningeulizwa kuna nini cha kuongeza kwenye meli ya mizigo ijayo ili iwe akiba ya kweli, ningetaja vitu vya bei ndogo. Nguzo mbili imara chini ya sitaha ya omo (mbele) na moja ya tezi (nyuma), zilizowekwa wakati wa kuunda, maana baadaye ni kukata na kuchomelea upya. Kreni ya kushusha boti ya doria ya mita saba au nane. Tangi la maji ya kunywa kubwa kuliko mahitaji ya wafanyakazi wa kawaida. Chujio maradufu kwenye tundu la kuingiza maji ya kupoozea, moja likifanya kazi jingine likisafishwa, kwa kuwa magugu maji ya Ghuba ya Winam huziba tundu hilo kwa dakika chache na injini ikachemka katikati ya gugu, meli ikiwa haina uwezo wa kugeuka. Kupita mlango wa Rusinga kuelekea maji makuu kunataka pia vipimo vya kina vya karibuni, kwa sababu usawa wa ziwa hupanda na kushuka. Mwaka 2020 ulipanda hadi kufunika magati na nyumba za ufukweni, na alama za zamani za nchi kavu zikapotea.

Halafu watu. Meli hufungwa na kufunguliwa kwa orodha, mabaharia hawafungwi. Nahodha anayejua miamba ya Majita, fundi mkuu anayeijua injini kwa sauti yake, na wapiga mbizi wa kuziba tundu chini ya maji lazima wawe kwenye daftari lenye namba za simu zinazopatikana, waitwe walau mara moja kwa mwaka, walipwe siku hizo, na wapelekwe safari ya majaribio. Safari hiyo isiwe ya kuzunguka bandari tu. Meli itoke Kisumu, ipite Rusinga, ifikie maji makuu na irudi, injini ikikaa kwenye nguvu ya asilimia 80 kwa saa kadhaa, na fundi akiandika kila nusu saa joto la kila silinda, shinikizo la mafuta na kiasi cha maji kinachopita kwenye pakingi ya shafti. Silinda moja ikitofautiana na wenzake kwa zaidi ya nyuzi 50 za Selsiasi, hiyo ndiyo kazi ya wiki inayofuata, kabla ya rangi na kabla ya bendera.